Mji wa Kale Hutunzwa na Walio Hai

Wengi wetu tukiona picha ya mji wa kale wa Ulaya, wenye lango la mawe, mnara mrefu na vichochoro vya kupendeza, husema: "Wenzetu wana bahati, miji yao haizeeki." Mimi sikubaliani na maneno hayo. Miji yote huzeeka. Mji wa kale ulio mzima leo ni mzima kwa sababu watu waliziba nyufa zake jana, na kesho wataziba tena. Hayo ndiyo nitakayo kuyaeleza hapa, na ushahidi wangu ni mambo niliyoyaona kwa macho yangu.

Likizo ya Juni mwaka jana tulisafiri kwenda Ujerumani, baba, mama, mdogo wangu na mimi, kuwatembelea marafiki wa siku nyingi. Yafaa nieleze kwanza urafiki huo ulitoka wapi. Mwanza, ambako ndiko kwetu, na Würzburg, ulio katika jimbo la Bavaria, ni miji ndugu tangu mwaka 1966. Mwalimu mmoja wa Würzburg alipata kuja Mwanza kufundisha, akawa jirani yetu, na jioni akila nyumbani kwetu kama mmoja wa jamaa. Aliporudi kwao hakuacha kutuandikia, na kila barua ilimalizika kwa kutualika. Wazazi wangu waliweka akiba kwa miaka mingi mpaka ikatosha. Sisi watoto twamwita Babu. Tulipomsalimu "Shikamoo" pale kituo cha gari moshi, aliitika "Marahaba" kwa sauti kubwa hata watu wakageuka kutazama.

Nataja jambo hili kwa makusudi. Mtu akilala katika hoteli huuona mji kama duka: hutazama, hulipa, huondoka. Akilala kwa rafiki huuona mji kama nyumba ya watu. Babu hakutuonyesha mapambo tu. Alituonyesha pia makovu.

Siku ya kwanza tulisimama juu ya daraja la kale la mto Main, tukatazama minara ya makanisa na ngome ya Marienberg iliyo juu ya kilima. Mdogo wangu akauliza nyumba zile zina miaka mingapi. Babu akajibu kwamba nyingi ni changa kuliko yeye. Tulishangaa sana. Ndipo akatueleza habari za usiku wa tarehe 16 Machi 1945. Katika muda wa dakika 20 hivi ndege za Uingereza ziliangusha mabomu ya moto, na karibu sehemu tisa katika kumi za katikati ya mji zikateketea. Watu elfu kadhaa walikufa. Mpaka leo, kila mwaka tarehe hiyo hiyo usiku, kengele za makanisa hupigwa kwa muda wa dakika 20, kadiri ya muda ule wa moto.

Basi vita vilipokwisha, watu wa Würzburg hawakuwa na mji wa kale. Walikuwa na vifusi. Wanaume kwa wanawake walizoa mawe yale, wakajenga upya makanisa na majumba yao makuu, na nyumba za kawaida wakazijenga kwa kufuata njia zile zile za zamani. Mimi nilikuwa nikidhani kwamba nimeona kazi ya watu waliokufa karne nyingi zilizopita. Kumbe kwa sehemu kubwa nimeona kazi ya watu ambao watoto wao wangali hai.

Katika mji huo lipo jumba kubwa la maaskofu watawala wa zamani, liitwalo Residenz, lililoanza kujengwa mwaka 1720. Juu ya ngazi zake kuna dari iliyochorwa na Mtaliani Giovanni Battista Tiepolo katika miaka ya 1752 na 1753, picha yenye eneo la zaidi ya mita za mraba 600. Usiku ule wa mabomu paa liliungua, lakini kuba la mawe lenye picha halikuanguka. Hata hivyo mvua ingeweza kumaliza yale ambayo moto uliyashindwa. Afisa mmoja wa jeshi la Marekani, John Davis Skilton, alihangaika kutafuta mbao, akasimamia kazi ya kulifunika kwa paa la muda. Watalii wanaomiminika humo leo huisifu picha. Mimi nilizisifu zile mbao.

Katika dari hiyo yamo mabara manne, na Afrika imechorwa kama mwanamke aliyepanda ngamia. Mama aliitazama kwa muda mrefu, kisha akacheka akasema kwamba huyu bwana alichora jirani ambaye hakupata kumtembelea. Nadhani alisema kweli. Hiyo nayo ni sababu ya watu wa nchi mbalimbali kutembeleana, ili tusichorane kwa kubahatisha.

Siku nyingine tulikwenda Ochsenfurt, mji mdogo ulio kando ya mto huo huo, wenye nyumba nyingi ambazo mbao za kuta zake huonekana kwa nje. Hapo mama ndiye aliyekuwa mwalimu wetu. Nyumba moja ilikuwa ikitengenezwa, na mafundi walikuwa wamebandua ukuta. Mama akachungulia, akaona fito zilizosukwa na kukandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu. Akasema, "Tazameni! Hizi ni nyumba za kukandika kama za kwetu." Naam, ndivyo zilivyo. Nyumba za namna hii zimejaa katika miji ya kale ya Ujerumani. Katika mji wa Quedlinburg peke yake zimehesabiwa zaidi ya 1,300, na nyingine zina umri wa miaka mia kadhaa.

Ndugu wasomaji, jambo hilo lilinifikirisha kuliko majumba yote ya maaskofu. Sisi tumezoea kusema kwamba nyumba ya udongo ni ya muda tu, na mwenye nayo huona haya. Lakini fito na udongo vyaweza kusimama kwa karne nyingi, mradi paa lisivuje, msingi usikae majini, na chokaa ipakwe tena inapobanduka. Nyumba hizo hazikudumu kwa sababu ni za mawe, wala kwa sababu wenyeji walikuwa matajiri. Zilidumu kwa sababu kila kizazi kilipanda ngazi kikaziba pale palipovuja. Wahenga wetu walikwisha sema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Baadaye tulifika Rothenburg ob der Tauber, mji unaojulikana sana kwa ukuta wake. Tarehe 31 Machi 1945 mabomu yaliharibu karibu sehemu nne katika kumi za mji huo, pamoja na mamia ya mita za ukuta. Baada ya vita wenyeji waliomba msaada, na watu wa nchi nyingi wakachanga fedha. Ukipita juu ya ukuta huo utaona vibao vidogo vya mawe vyenye majina ya waliochanga, na idadi ya mita walizozilipia. Mmoja alilipia mita moja, mwingine zaidi. Nilisoma majina ya Wajerumani, ya Wamarekani na ya Wajapani. Hivyo ukuta ule ni daftari la michango, na hapana mtu mmoja awezaye kusema kwamba ni wake peke yake.

Hata hivyo nilipenda zaidi mji wa Nördlingen. Ukuta wake una urefu wa kilomita 2.7 hivi, na waweza kuuzunguka wote kwa miguu. Ndani yake wamo watu wanaoanika nguo na watoto waendao shule wakiwa na mikoba mgongoni. Mlinzi wa mnara wa kanisa la Mtakatifu Georg angali akitoa ukelele usiku kama walinzi wa zamani. Katika Rothenburg duka baada ya duka linauza vitu vya wageni, lakini katika Nördlingen niliona watu wakinunua sabuni na viazi. Kwa maoni yangu mji wa kale usiokuwa na duka la sabuni uko katika hatari, hata kama kuta zake zimenyooka.

Sasa najua wapo watakaosema, "Haya yote ni ya wenye fedha." Ni kweli kwamba leo Ujerumani ni nchi tajiri, na tangu mwaka 1973 jimbo la Bavaria lina sheria inayomkataza mtu kubomoa jengo la kale bila ruhusa. Lakini mwaka 1945 watu wa Würzburg walikuwa na njaa. Tena fedha nyingi huweza kubomoa kama ziwezavyo kujenga. Frankfurt ulikuwa na mtaa wa kale ulioungua mwaka 1944. Baadaye katika sehemu yake moja lilijengwa jengo kubwa la ofisi, lililomalizika mwaka 1974. Wenyeji hawakulipenda. Lilibomolewa, na mwaka 2018 ukafunguliwa mtaa wenye nyumba 35, nazo 15 ni mfano wa zile za kale. Gharama yake ilikuwa karibu yuro milioni 200. Hayo ndiyo malipo ya kujuta baadaye.

Jambo la mwisho ni kubwa kuliko mbao na chokaa. Utunzaji wa mji si kutunza uzuri wake tu, ni kutunza na ukweli wake. Mbele ya kituo cha gari moshi cha Würzburg kuna ukumbusho uliofunguliwa mwaka 2020: masanduku, mabegi na matandiko yaliyofungwa, yote ya mawe, mbao na chuma. Ni mizigo isiyo na wenyewe. Yanawakumbusha Wayahudi 2,069 wa eneo lile waliochukuliwa na serikali ya Hitler katika miaka ya 1941 hadi 1944, na wengi sana wao wakauawa. Babu alitupeleka hapo mwenyewe. Hakutaka tusikie habari za mabomu yaliyoangukia mji wake bila kusikia habari za mambo yaliyotendwa na watu wa mji wake. Nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa chakula chote alichotukirimu.

Sisi nasi tuna haki ya kuutaka ukweli huo, maana Wajerumani walitawala nchi yetu, na Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 viliua watu wetu wengi mno. Mwezi Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea akaomba msamaha. Urafiki wa kweli hauogopi kukumbuka.

Je, sisi tufanye nini? Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, lakini sheria haipandi juu ya paa kuziba tundu. Kule Zanzibar, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Jumba la Maajabu, lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Hasara ya namna hiyo hairudishwi na picha iliyo katika kitabu.

Nashauri mambo matatu. Kwanza, kila mwanafunzi katika likizo ijayo achague jengo moja la zamani mahali pao, akawaulize wazee ni nani alilijenga, kwa kazi gani, na ni mambo gani mema au mabaya yaliyotendeka humo, kisha aandike. Chama chetu cha Historia chaweza kuzikusanya habari hizo katika daftari moja. Pili, wazazi wenye nyumba za zamani wasingoje mpaka ukuta uiname. Vigae vichache na debe la chokaa kila mwaka ni gharama ndogo kuliko nyumba mpya. Tatu, tusidharau fito na udongo. Fundi ajuaye kukandika vizuri ana elimu, na elimu hiyo yafaa vijana waipokee kabla wazee wenye nayo hawajaondoka.

Miji niliyoitembelea haikuachwa mikononi mwa bahati. Iliachwa mikononi mwa watu, nao wakafanya kazi. Mikono hata sisi tunayo.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne