VIUNGO HAVIUI MDUDU



Siku hizi mu Kamina kuna watu wanaopenda kupika nguruwe kwa namna ya Wahindi na ya Wachina. Zamani mu chungu tuliweka chumvi, tungulu, tomati na pilipili, basi. Sasa kuna poda ya kari, kuna tangawizi, kuna ayi, tena kuna sosi ya soya inayofika na wafanya biashara. Sisi tunasifu jambo hilo. Nyama ya nguruwe iliyolala usiku mzima mu siki na ayi, mtu akiikula na bukari, hatasahau upesi.

Lakini pamoja na ile harufu nzuri, kuna neno linalozunguka mu lupango na mu soko ambalo si la kweli. Watu wanasema: «Tia pilipili na siki mingi, itaua badudu yote ya mu nyama.» Sisi tunajibu: hapana. Viungo vinafurahisha ulimi, lakini haviui mdudu. Mdudu anauawa na moto. Na kama tunataka asiingie kabisa, inaomba nguruwe akae mu nyumba yake, na mtu aende mu choo.

Kwanza tuondoe mashaka ya wale wanaosema kwamba hii ni chakula ya wageni. Chakula kile cha Wahindi kinachoitwa vindalu kilitoka Goa, jimbo ambalo Wareno walilishika tangu 1510 mpaka 1961. Jina lenyewe ni la Kireno, maana yake ni divai na ayi. Wakristo wa Goa walichukua mapishi ya Wareno, wakaweka siki pahali pa divai, wakaongeza viungo vyao na pilipili. Baadaye Wagoa walihamia Zanzibar, Nairobi na Kampala, na mapishi yao yakaenda nao. Na pilipili ile ilitoka wapi? Ilitoka Amerika, ikapita bahari pamoja na Wareno, sawa vile mihogo na mahindi yetu. Basi anayekataa vindalu kwa sababu ni ya wageni, akatae na bukari. Mu sahani yetu kila kitu kilikuwa mgeni siku moja.

Pili, tuangalie namna wenyewe wanavyopika. Mama wa Goa anakata nyama vipande vidogo, anaisaga ayi, tangawizi, mdalasini na pilipili kavu pamoja na siki, anaipakaa nyama, anaiacha mpaka kesho, halafu anaipika pole pole mpaka inalegea. Mchina naye anachukua nyama ya tumbo, anatia tangawizi, sukari kidogo na sosi ya soya, anafunika chungu, anaiacha juu ya moto mdogo saa moja na zaidi. Mumeona? Wote wawili wanapenda viungo, lakini wote wawili wanangoja moto. Sisi tunaiga viungo, kungoja hatuigi. Tunapakaa kari inje, tunaweka brosheti juu ya mbabula dakika chache, rangi inakuwa nzuri, na ndani nyama ingali nyekundu. Makala ni bei, ni kweli. Lakini ugonjwa ni bei kuliko makala.

Sasa tuseme wazi juu ya mdudu mwenyewe, maana wengi wanamuogopa bila kumjua. Ni mnyoo mrefu, mwembamba sawa mkanda, ambaye waganga wanamwita Taenia solium. Mu nyama ya nguruwe anakaa akiwa mtoto, ndani ya vifuko vidogo vyeupe sawa punje za mchele au kupita. Mtu akikula nyama hiyo haijaiva, mnyoo unakomaa mu matumbo yake, unafika mita mbili na zaidi. Kisha mayai yake yanatoka na mavi. Kama mtu huyo anaenda mu majani, nguruwe anayetembea ovyo anakula mavi yale, na vifuko vinaanza mu nyama yake. Ndiyo duara yenyewe: mtu, majani, nguruwe, chungu, mtu.

Lakini kuna jambo baya kupita hilo. Mayai yale yakishika mu mikono, mu maji au mu mboga, na mtu akiyameza, watoto wa mnyoo wanapita mu damu na wanaweza kufika mu ubongo. Hapo mtu anaanza kuanguka kifafa, pengine miaka mingi nyuma. Shirika la Afya la Dunia linasema kwamba mu inchi nyingi ambamo nguruwe wanatembea bule karibu na watu, katika wagonjwa 100 wa kifafa, karibu 30 wamekipata kwa mdudu huyu.

Angalieni vizuri: mayai hayatoki mu nyama, yanatoka mu mavi ya mtu. Ndiyo maana hata asiyekula nguruwe anaweza kupata ugonjwa. Mwaka 1992 waganga wa New York waliandika habari ya Wayahudi wanne, watu wa dini yenye kukataza nguruwe kabisa, ambao walikutwa na mdudu huyu mu ubongo. Ilionekana kwamba yaliwapata kwa njia ya watumishi wa nyumbani waliokuwa na mnyoo mu matumbo. Basi wandugu zetu Waadventista, Wakimbangu na Waislamu wasifikiri kwamba habari hii si yao. Na sisi tunaokula tusiwacheke wao. Petro alionyeshwa wanyama wa kila namna mu kitambaa kilichoshuka toka mbinguni, na Paulo naye aliwaandikia Warumi kwamba anayekula asimzarau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Mashindano ya nani ni safi mbele ya Mungu hayasaidii mtu ambaye hana choo.

Na hapa tunafika mu neno linalotuumiza zaidi. Mu masomo mengi kuna mwanafunzi anayeanguka kifafa. Akianguka, wenzake wanakimbia. Wanasema mate yake inaambukiza. Wanasema amelogwa, ao jamaa yake imemuuzisha. Anapewa sahani yake peke yake, kikombe chake peke yake, na nyuma ya miezi michache haonekani tena mu masomo. Wandugu, mate ya mwenye kifafa haiambukizi kitu. Akianguka, mumulaze kwa ubavu, muondoe vitu vigumu karibu naye, musimutie kitu mu kinywa, mungojee naye mpaka aamke. Si kila kifafa kinatoka kwa mnyoo, ziko sababu zingine. Lakini kwa wote kuna dawa mu hospitali, na wengi wanaozimeza kila siku bila kuacha wanasoma, wanaoa, wanazaa. Tena mwenye kifafa asijinunulie vidonge vya minyoo mu soko: vingine vinaweza kuamusha mdudu wa mu ubongo na kuongeza kuanguka. Aende kwanza kwa munganga.

Kama sisi ni masomo ya Kikristo, aibu iko wapi? Kwa mtoto anayeanguka, ao kwa sisi tunaomuondoa mezani, na huku nguruwe wa jirani wanachimba nyuma ya choo yenye kubomoka?

Wachina wana alama moja ya maandiko ambayo maana yake ni nyumba, tena ni jamaa. Alama hiyo imefanywa na vitu viwili: dari juu, na nguruwe chini yake. Kwao, toka zamani sana, nguruwe alikuwa na pahali chini ya dari ya watu. Sisi tunataka chungu cha Wachina, lakini nguruwe wetu tunamuacha bila dari.

Tunajua jibu la wenye nguruwe. Wanasema: «Nikimufunga, nitamulisha nini? Akitembea, anajitafutia.» Ni neno la mtu masikini, hatulizarau. Lakini nguruwe anakula pumba ya mahindi, majani ya viazi, maembe yanayooza chini ya miti, masira ya pombe, maganda ya mihogo yaliyokaushwa vizuri. Vitu hivyo tunavitupa kila siku. Tena nguruwe anayetembea anaukuta na ugonjwa mwingine, ile homa ya nguruwe ambayo munganga Montgomery aliiandika mara ya kwanza mu Kenya mwaka 1921. Homa hiyo haigusi mtu, lakini inaweza kumaliza nguruwe wote wa kijiji kwa siku chache. Mu 2018 ilifika hata China, inchi inayokula karibu nusu ya nguruwe wa dunia nzima, na wafugaji walilia. Nguruwe aliyefungwa mu kibanda chake, asiyekutana na wa jirani, yuko na nafasi ya kupona. Basi mbao chache na misumari ni akiba, si hasara.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, kwa wanaopika mu sikukuu zetu: pikeni na kari, pikeni na soya, lakini kata ndogo na pika sana, mpaka hakuna maji mekundu ndani. Mukiona vifuko vyeupe mu nyama, musiinunue hata bei ikiwa nzuri. Pili, kwa wakubwa wa masomo: choo zitengenezwe, na maji na sabuni ziwe karibu, na wapishi wapimwe minyoo. Mu masomo ya biolojia mdudu huyu afundishwe pamoja na ubao na picha, kwa maana mwanafunzi ndiye atakayepeleka habari kwao mu kijiji. Tatu, kwa sisi wenyewe: ndugu yetu anayeanguka arudishwe kwenye benchi lake na kwenye sahani yetu.

Mwenzetu asiyekula nguruwe, tutamupikia kuku na kari ile ile. Mwenye kukula, tutamuita karibu na chungu. Lakini mbele ya kuuliza kama viungo vimekolea, tuulize kwanza: nguruwe huyu alilala wapi?