Karne ya Wakulima Waliojua Kukataa

Mwaka 2025 ulitimiza miaka 100 tangu wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waunde chama chao, KNPA (Kilimanjaro Native Planters Association). Mrithi wake, chama kikuu cha ushirika KNCU, aliyeanza mwaka 1933, bado ana jengo lake katikati ya mji wa Moshi na bado anakusanya kahawa ya vyama vya msingi vya mlimani. Tunatoa hongera, na sababu yetu huenda isisikike kwenye risala za sherehe: wanachama wa huku wana desturi ndefu ya kuwakatalia viongozi wao.

KNPA ilizaliwa katikati ya mapambano mawili, dhidi ya wadudu wa kahawa na dhidi ya walowezi waliotaka Mwafrika asilime arabika kabisa. Kenya, ng'ambo tu ya mpaka, walowezi walikuwa wameshinda. Hapa Joseph Merinyo na wenzake walipata msaada wa Charles Dundas, bwana shauri wa wilaya, wakajipanga. Haikuchukua muda chama kikaanza kuhoji na mambo ya ardhi. Wakubwa wa serikali ya kikoloni wakaona kimevuka mpaka. Ndipo ikaja KNCU, ushirika chini ya sheria ya mwaka 1932, meneja wake Mwingereza A. L. B. Bennett, pamoja na amri kwamba kahawa yote ya wenyeji ipitie humo humo.

Bei ilipoporomoka, mkulima alijikuta hana pa kwenda. Mwaka 1937 watu walivamia majengo ya vyama vyao wenyewe. Hatusifu kuvunja milango, ila ni vigumu kuwalaumu watu ambao mlango huo ndio pekee waliobakiziwa.

Miaka ya 1950 ikaja neema ya bei, na kujiamini nako kukaja. Mwaka 1960 Wachagga waliulizwa kwa kura kama wanataka kuendelea na Mangi Mkuu, mtawala wao, au kuwa na rais wa kuchaguliwa, wakamtaka rais. Watu waliozoea kumhoji mhasibu hawakuona ajabu kumhoji na mtawala.

Serikali ilipovifuta vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, sauti hiyo ilizimwa kwa kalamu. KNCU ilirudi mwaka 1984, lakini baadaye baadhi ya vyama vya msingi viliona makato yamezidi, vikajitenga na kuunda kundi lililoitwa G32 ili vipeleke kahawa mnadani vyenyewe. KNCU iliumia. Sisi tunaihesabu G32 kuwa sehemu ya jubilei hii.

Ukihudhuria mkutano mkuu wa chama cha msingi utaelewa. Mzee anasimama, kitabu cha mwanachama mkononi. Kilo nilizopeleka ni hizi, mnadani zimeuzwa kwa hiki, mbona mimi nimepata hiki? "Mzee wangu, subiri kidogo," anasema mwenyekiti, na mhasibu anaanza kupekua makaratasi. Mzee hakai. Anajua bila kahawa ya watu kama yeye chama hakina cha kupeleka mnadani, na mwenyekiti naye anajua.

Mwanachama wa chama cha siasa hana kahawa ya kuzuia. Ana kadi, ana ada, na mara moja moja anakodiwa basi la kwenda kwenye mkutano wa hadhara. Chama cha upinzani cha Chadema, ambacho mwasisi wake Edwin Mtei ni mzaliwa wa Marangu, kilionyesha Januari 2025 kwamba mwenyekiti anaweza kung'olewa kwa kura: Tundu Lissu 513, mwenyekiti aliyekuwapo Freeman Mbowe wa Hai 482. Ulikuwa uchaguzi wa kweli, na tunausifu. Hata hivyo waliopiga kura walikuwa wajumbe wa mkutano mkuu. Mwenye kadi wa Kibosho au Rombo aliutazama kwenye runinga. Vyama vyote, chama tawala kikiwa cha kwanza, vimpe huyo kura ya moja kwa moja pale tawini kwake, na hesabu ibandikwe ukutani.

Ushirika nao usijisifu kupita kiasi. Kihamba, yaani shamba la ukoo, kwa desturi ni cha mwanamume, na jina kwenye kitabu cha mwanachama mara nyingi ni lake. Anayechuma, anayemenya, anayeosha na kuanika, mara nyingi ni mama, na siku ya mkutano mkuu yeye ndiye anayepika chakula cha wajumbe. Halmashauri za vyama vya msingi zinaweza kuliweka hili kuwa ajenda ya kwanza ya mkutano ujao: mke aandikishwe mwanachama kwa jina lake, kahawa ya nyumba igawanywe katika vitabu viwili, na malipo ya pili, yale ya baada ya mnada, yaingie kwenye akaunti mbili.