Amani Yako, Usukani wa Nani?

Nianze kwa kujishtaki mwenyewe, maana nikianza na wengine mtasema ni wivu. Miaka mitatu iliyopita niliandika makala kuhusu kushuka kwa pikipiki kutoka Sumbawanga hadi Muze, kule bondeni kwenye Ziwa Rukwa. Kwa kiwango changu, ilisomwa sana. Ndani yake kulikuwa na ukungu, kona kali, ukimya wa uwanda wa Ufipa, na mimi niliyefika chini nikiwa "mtu mwepesi". Amani ya nafsi niliitaja mara nne. Nimehesabu.

Jambo moja sikulisema. Pikipiki sikuiendesha mimi.

Aliyeiendesha ni kijana wa kijiwe kimoja pale mjini, miaka kama ishirini na minne hivi, koti zito kalivaa kinyumenyume kuzuia upepo. Kutwa nzima nilikaa nyuma yake. Lakini kwenye makala niliandika "nilikata kona", "nilishika breki", "niliteremka". Kutoka ni- kwenda tu- ni suala la herufi mbili. Nikashindwa kuzitoa.

Tulipokutana tena mwaka jana alikuwa ameshaisoma kwenye simu. Hakukasirika. Aliniuliza tu: "Sasa kaka, mimi siku hiyo nilikuwa wapi?"

Nimelibeba swali hilo tangu siku ile na sasa nataka kuwagawia wenzangu, kwa sababu siko peke yangu. Kuna aina ya maandishi ambayo imejaa kila mahali, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili pia. Mtu wa mjini amechoka na ofisi na foleni. Anapanda pikipiki, anakimbilia milimani. Mvua inamnyeshea, tope linamwangusha mara mbili, na jioni, juu ya mwamba fulani, anajikuta. (Sijawahi kuelewa anakuwa amejiacha wapi.) Mimi nadai kwamba amani hiyo ina sharti lisilotajwa: mlima usiwe na watu. Wakiwepo, wawe mandhari. Mtoto apunge mkono, mama apite na kuni, mzee atabasamu. Hakuna anayeruhusiwa kusema kitu kinachohitaji kujibiwa.

Ufipa hakuna ukimya wa namna hiyo. Sumbawanga iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Rukwa kama mita 800. Katikati ya namba hizo mbili kuna barabara ya Ntendo kwenda Muze, nayo ina kelele. Mchele na samaki vinapanda. Sukari, saruji, walimu waliopangiwa vituo na wagonjwa wanaorudi kutoka hospitali vinashuka, na sehemu kubwa ya hayo iko mgongoni mwa pikipiki ambayo aliyeitengeneza aliikusudia watu wawili. Niliyapita yote hayo nikaandika "utupu". Na asiyeandika utupu anaandika uchawi: utaelezwa tena kwamba maana ya Sumbawanga ni "tupa uchawi", halafu basi, mji umekwisha.

Mtu atanitupia Robert Pirsig na kitabu chake cha 1974, Zen and the Art of Motorcycle Maintenance. Sawa, nakipenda. Lakini waigaji wake wamechukua neno la kwanza la jina lile wakaacha la mwisho, ambalo ni matengenezo. Pirsig anahangaika na plagi, vali na kabureta, na anawasema marafiki anaosafiri nao kwa sababu wanataka raha ya mashine bila kuijua. Kwake utulivu unahitajika ili kazi ya mikono ifanyike vizuri. Hausubiri mtu kileleni. Kwa kipimo hicho, mwanafalsafa wa safari yetu ni yule aliyesimama katikati ya mteremko, akachukua spana chini ya siti na kukaza cheni, wakati mimi napiga picha msitu wa Mbizi. Tena hapo ni Ufipa, nchi ya malungu, zile tanuri za udongo ndefu kuliko mtu ambamo watu waliyeyusha chuma vizazi na vizazi. Kukijua chuma kwa mikono huko hakukuja na pikipiki.

Na Che? Norton ya Guevara na Granado ilikufa Chile mwaka 1952. Wachimba shaba wa Chuquicamata, ambao wasomaji wengi wa shajara ile hawawasahau, wanatokea baada ya hapo, wasafiri wakiwa wanaomba lifti. Kitabu kinanoga pikipiki ikishakufa. Sidhani ni bahati.

Sisi wenyewe tuna urithi mwingine. Safari za Wasuaheli, kilichokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa 1901, kina watu wa pwani waliokwenda bara, na wanachosimulia ni hongo, bidhaa, njaa na wapagazi. Hawakuwa malaika. Walifuata biashara, na hakuna mpagazi aliyeulizwa anajisikiaje. Lakini angalau hawakujifanya wamejibebea mizigo wenyewe.

Sasa, sisemi kwamba siku ile sikuhisi kitu. Nilihisi. Baada ya kona ya tatu au ya nne kifua kilifunguka, mawazo ya mjini yakakatika, na sikuwa na haja ya kujua dakika ijayo ina nini. Imenichukua miaka mitatu kukubali hali ile ilitoka wapi. Wepesi ule ulikuwa wepesi wa abiria. Kwa saa kadhaa uhai wangu ulikuwa jukumu la mtu mwingine. Yeye ndiye aliyekuwa anaitazama changarawe, yeye anajua breki ya nyuma imebaki kiasi gani, yeye anasema "shuka kidogo, kaka" pale barabara ilipoliwa na maji. Hofu yote alikuwa nayo yeye, na mimi nikaiita amani yangu.

Hofu yake ilikuwa na hesabu ndani yake. Pikipiki ilikuwa ya mkataba: elfu saba kila siku kwa bosi, na miezi mitatu imebaki iwe yake. Ikienda korongoni, mkataba haukatiki. Nauli yangu ya kwenda na kurudi haikulipa siku, ndiyo maana tuliporudi alifunga gunia la mchele mbele yake juu ya tangi, akapanda nalo mlima wote magoti yakiwa nje kama mabawa. Hilo gunia nalo nililifuta.

Nilimuomba anisimulie safari ileile kama angeiandika yeye. Akacheka, akawasha pikipiki, akaizima tena.

"Ningeanza na lile gunia," akasema. "Lilikuwa linavuja. Tangu Muze mpaka juu mimi nasikia mchele unadondoka, na siwezi kusimama pale mlimani, nikisimama siondoki tena. Wewe huku nyuma unaniambia, dogo, sikiliza kulivyo kimya."