Picha Isiyo na Jina

Leo naomba niseme kwa ukali kidogo.

Majuzi nilihudhuria onyesho la ngoma hapa mkoani Dodoma. Akina mama wa Kigogo walikuwa wakipiga muheme, ngoma wamezibana mapajani, kiongozi akianzisha na wenzake wakipokea. Wimbo haujafika katikati, mpiga picha akaingia uwanjani, akapiga goti mbele ya kiongozi na kummulika usoni. Mama akafumba macho, neno likampotea, waitikiaji wakakosa cha kupokea. Nimefundisha fasihi simulizi miaka mingi. Huwa na fanani na hadhira. Siku ile kati yao ulisimama mgongo wa mtu.

Kesho yake picha ikaenea mitandaoni. Ni nzuri, sikatai. Chini yake pameandikwa: "Ngoma ya asili." Jina la mama hakuna, la kikundi hakuna, la wimbo hakuna. La mpiga picha limo, tena kwa herufi kubwa.

Watajitetea kwamba bila picha sanaa hii itasahauliwa. Nakubali, picha ni hifadhi. Lakini picha haina sauti. Sauti yake ni maelezo yaliyo chini yake. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliufikisha muziki wa Kigogo katika majukwaa ya Ulaya, na dunia ikamjua kwa jina. Je, tungemkumbuka vipi kama kila picha yake ingeandikwa "mzee na zeze"? Hata Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua haki za msanii anayetumbuiza, si za mtunzi peke yake.

Nasi malenga tusijitoe. Shairi letu likichapishwa bila jina tunapiga kelele za wizi. Picha ya mama asiye na jina tunaisambaza kwa furaha.

Mpiga picha na aombe idhini kabla ya ngoma kuanza. Azime taa yake, akae pembeni, asubiri. Wimbo ukiisha, aulize: Mama, unaitwa nani, na wimbo huu mnauitaje? Kisha aandike.

Nasema haya nikiwa na deni. Nilikaa pale hadi jua likazama, nikapiga makofi, nikarudi nyumbani. Nami sikumuuliza jina.