Mfumo Haukuandika Jina la Mtoto Wako, Mtu Ndiye Aliyeandika



Leo ukungu wa viazi nauweka pembeni. Nataka tuzungumze kuhusu jina la mtoto wako, na najua wapo watakaouliza bwana shamba na mambo ya shule wapi na wapi. Nivumilieni nifike mwisho.

Wiki chache zilizopita nilikaa barazani kwa mkulima mmoja upande wa Makambako. Tulikuwa tumetoka kuangalia miche yake ya parachichi, chai ikaletwa, halafu akaingia ndani na kutoka na mfuko wa nailoni umejaa karatasi. Binti yake amemaliza kidato cha sita, amefaulu vizuri, sasa anaomba mkopo wa elimu ya juu. Cheti cha kuzaliwa kina jina hivi, cheti cha kidato cha nne kina jina vile. Siyo majina tofauti kabisa. Ni herufi mbili katika jina la babu, na jina la katikati limekatwa likabaki herufi moja na nukta. Baba ameshasafiri mara nne. Ameuza magunia ya mahindi kulipia nauli na hati ya kiapo kwa wakili. Kila dirisha analofika anaambiwa neno lile lile: mfumo umekataa.

Akaniuliza, "Bwana shamba, hivi huu mfumo ni nani?"

Sikucheka, kwa sababu swali lake lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Sisi watumishi tumezoea kusema "mfumo" kama mzee anavyosema "mvua". Mvua imegoma, mfumo umegoma, rudi kesho. Lakini mvua hailetwi na mtu. Jina la yule binti lililetwa na mtu. Kuna siku mtu alikaa na daftari la mahudhurio upande wa kushoto na kompyuta upande wa kulia, akabonyeza herufi moja moja, akamaliza, akafunga. Hakuna aliyemsomea baba wala mama kilichoandikwa. Miaka ikapita, kosa likahama naye kutoka darasa hadi darasa kama gugu lililokuja na mbegu.

Kwa wasiojua jinsi mambo yalivyo sasa, nieleze kwa kifupi. Baraza la Mitihani la Tanzania, yaani NECTA, lina mfumo wa mtandaoni unaoitwa PREM. Mwanafunzi anaingizwa humo tangu shule ya msingi na kupewa namba yake. Namba hiyo ndiyo inayomsajili mtihani wa darasa la nne na wa darasa la saba, inamfuata akihama shule, na inavuka naye kwenda sekondari. Baadaye, matokeo ya kidato cha nne yakitoka, machaguo ya tahasusi na vyuo yanarekebishwa kwenye mfumo wa TAMISEMI uitwao Selform. Akifika kuomba mkopo, cheti chake cha kuzaliwa lazima kiwe kimehakikiwa na RITA. Akitaka kitambulisho, yuko NIDA. Zamani karani aliangalia karatasi mbili, akamwangalia mtoto usoni, akasema ni huyu huyu, akagonga muhuri. Kompyuta haimwangalii mtu usoni. Kwake Lusia na Lucia ni wasichana wawili.

Wala sisemi turudi kwenye makaratasi. Wanaosema hivyo wamesahau. Mwaka 2016 serikali ilipohakiki wanafunzi, nchi nzima walionekana maelfu kwa maelfu ya wanafunzi hewa, majina yaliyokuwa yakila ruzuku ya watoto halisi. Wakati huo ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kwa hiyo idadi ilipochezewa, fedha zilichezewa. Barua za uhamisho nazo zililowa mvua, zilichanwa, zilighushiwa. Mfumo umeziba matundu mengi. Ninachogombana nacho ni kitu kimoja: mfumo unajazwa chumbani, mzazi yuko nje.

Nyinyi ni watu wa mizani. Mnaijua lumbesa kuliko mtu yeyote nchi hii. Dalali akija kununua viazi na kusema, "Nimeshapima huko ndani, ni kilo kadhaa, chukua hela yako," mtampa gunia? Hamtampa. Mtataka mizani iletwe hapa, sindano ionekane, na kama ni usiku mtawasha tochi ya simu. Gunia moja la viazi mnalipigania hivyo. Jina la mtoto, ambalo litatembea naye hadi ajira na pensheni, mnaliachia lisomwe chumbani na mtu aliyechoka.

Nasema aliyechoka kwa sababu najua. Mimi mwenyewe nimekuwa huyo mtu. Msimu wa 2022/23, mbolea ya ruzuku ilipoanza na mfuko wa DAP au urea ukawa shilingi 70,000, wakulima walitakiwa kusajiliwa kwenye mfumo wa kidijitali. Mnakumbuka foleni zile. Niliingiza majina usiku, mtandao ukipatikana, mengine nimeyanakili kutoka daftari lililoandikwa na mkono ambao hata mwenyewe angeshindwa kuusoma. Mama mmoja nilimkosea namba ya simu kwa tarakimu moja. Namba yake ya mkulima ikaenda kwa mtu asiyemjua. Yeye akasubiri, akasubiri, mahindi yakafika magotini, akaenda kwa wakala, wakala akamwambia hayupo. Alipokuja kwangu, mdomo wangu ulifunguka wenyewe nikasema, "Mama, mfumo umekataa."

Uongo mtupu. Mfumo ulipokea nilichoupa.

Tangu pale nilibadilika. Siku hizi sifungi orodha kabla sijakaa kwenye mkutano wa kitongoji na kumsomea kila mtu mstari wake: majina matatu, namba ya simu, ekari. Mtu anasikia, anasema siyo hivyo, tunarekebisha hapo hapo. Inachukua asubuhi moja. Makosa hayajaisha yote, lakini foleni ya malalamiko mlangoni kwangu imepungua sana, na silali na dhamira inayonisuta.

Kama bwana shamba anaweza kufanya hivyo kwa mifuko ya mbolea, kwa nini shule isifanye kwa watoto?

Walimu watanikasirikia, na nawaelewa. Mwalimu wa taaluma wa shule ya kijijini anaingiza taarifa kwa bando alilonunua mwenyewe, kwenye simu yake mwenyewe, mara nyingine amepanda kilima kutafuta mtandao. Ana vipindi, ana madaftari ya kusahihisha, na tarehe ya kufunga imetangazwa kwa ujumbe wa WhatsApp saa tatu usiku. Tena mzigo huu utaongezeka. Kwa mtaala mpya ulioanza 2024, mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza kwa pamoja. Majina mara mbili, mwalimu yule yule. Basi hiyo ndiyo sababu ya kumsaidia macho. Mwalimu mmoja anayeandika majina mia moja hawezi kuyajua yote, ila wazazi mia moja kila mmoja anajua jina moja kikamilifu. Kumwachia mwalimu peke yake kazi hiyo ni kumtegea mtego, halafu kosa likitokea tunamlaumu yeye.

Wengine wataniambia kwamba taarifa za wanafunzi ni siri, haziwezi kubandikwa ukutani. Hapo wana hoja nusu. Sitaki orodha yenye tarehe za kuzaliwa na namba za simu za wazazi ibandikwe dukani. Mkoa wetu una watoto wengi waliofiwa na wazazi, wanaolelewa na bibi, na habari zao si za kutangazwa mkutanoni. Lakini kumficha mzazi taarifa za mtoto wake mwenyewe siyo ulinzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zilizoshikwa na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Mtoto mdogo atadai haki hiyo kupitia nani kama siyo mzazi au mlezi? Kwa hiyo isomwe mezani, mzazi mmoja mmoja, mstari wake tu, aweke sahihi au dole gumba, akae mwingine. Siri imebaki siri na jina limehakikiwa.

Sasa niwageukie nyinyi, maana sijamaliza.

Mkutano wa wazazi ukiitishwa, nani anakwenda? Mama anakwenda, baba yuko gulioni. Au hakwendi mtu, anatumwa kaka wa mtoto aliyeko darasa la sita. Mtoto anapoandikishwa darasa la kwanza mnapeleka kadi ya kliniki iliyofutika, au hampeleki kitu, mwalimu anauliza jina, mtoto wa miaka sita anajibu kwa sauti ya chini, mwalimu anaandika alichosikia. Nyumbani anaitwa hivi, kanisani alibatizwa vile, kwenye cheti kuna la tatu. Kuna baba aliyeniambia kwa kujiamini kabisa kwamba jina siyo shida, mtoto akikua atachagua. Mzee wangu, ungemwambia hivyo mwenye kiwanda cha mbao, kwamba vipimo si shida, mti ukishakatwa tutachagua?

Njombe tulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuingia kwenye mpango wa RITA wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano, vyeti vikatolewa bure kwenye ofisi za kata na vituo vya afya. Kwa hiyo wengi mnavyo. Viko kwenye sanduku, chini ya khanga. Vitoeni. Na kwa kuwa viliandikwa kwa mkono, visomeni kwanza, kwa maana hata aliyeandika cheti alikuwa mtu kama mimi. Kama kosa liko kwenye cheti chenyewe, anzeni kulirekebisha huko kabla hamjaupeleka ubovu huo shuleni.

Jingine ambalo linawaumiza watu wa Makambako zaidi ni uhamisho. Mji wetu ni wa njia panda, reli ya TAZARA inapita, lami ya Songea inaanzia hapa, watu wanaingia na kutoka. Mtoto anatolewa Dar es Salaam kuletwa kwa bibi, au baba anapata kazi ya mbao Mufindi anaondoka na watoto Januari. Mnampeleka mtoto shule mpya, mwalimu mkuu ana huruma, anampa dawati. Mnadhani yamekwisha. Hayajakwisha. Dawati liko huku, jina lake kwenye PREM liko kule. Uhamisho nao unapita ndani ya mfumo, na shule aliyotoka isipoachia jina, huku ni mgeni tu anayesikiliza. Hilo linagundulika usajili wa mtihani unapofanyika, na usajili hufungwa miezi kadhaa kabla mtihani wenyewe haujafika. Kabla hujapakia godoro kwenye fuso, hakikisha uhamisho umeanzishwa, na ukifika huku usiridhike na dawati. Uliza: jina limeshafika?

Mimi ni mtumishi wa halmashauri na sina mamlaka ya kuamrisha shule yoyote. Lakini kijiji kina mkutano mkuu, na shule ina kamati yenye wazazi ndani yake. Hoja ipelekwe huko, iandikwe kwenye muhtasari: kila mwaka, kabla usajili wa darasa la nne na la saba haujafungwa, shule itachapa taarifa za kila mtoto kama zilivyo kwenye mfumo, na mzazi atazisoma na kusaini. Asiyejua kusoma asomewe na mtu anayemwamini. Gharama ya kuchapa kwa darasa la watoto sitini haifiki bei ya mfuko mmoja wa mbolea, na kamati inaweza kuimudu bila kumchangisha mtu aliyefulia. Wenye maduka ya steshenari pale stendi, hapa mnaweza kuwasaidia majirani zenu kwa bei ya jirani.

Na usisubiri mkutano. Shule ikifunguliwa wiki ijayo, siku unayoleta njegere gulioni, pitia shuleni asubuhi. Beba cheti halisi cha kuzaliwa. Mwombe mwalimu kwa heshima akuonyeshe mstari wa mtoto wako, siyo kwenye daftari la mahudhurio, kwenye mfumo. Angalia majina yote matatu herufi kwa herufi, tarehe ya kuzaliwa, na jinsia, maana hata jinsia nimeona imekosewa. Nakili namba ya PREM uiweke pamoja na cheti. Ukiambiwa mtandao haupo, uliza siku gani utakuwepo, na siku hiyo urudi.

Yule binti wa Makambako bado anasubiri. Baba yake anasafiri tena Jumanne, mara ya tano, na safari hii amechukua karatasi zote.