Viza ya masomo: Kipimo cha kifua kisiachwe hadi mwisho

Barua ya kukubaliwa chuo cha nje inapofika katika nyumba ya Mbinga au Mbamba Bay, mazungumzo ya kwanza huwa ni ada, na ya pili huwa ni pasipoti. Kipimo cha kifua kikuu hukumbukwa mwishoni, kijana akiwa tayari anajaza fomu ya viza na kukuta swali ambalo hana jibu lake. Kwa familia inayoishi zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, kuchelewa huko kunaweza kumkosesha kijana mwaka mzima wa masomo.

Anayeishi Tanzania na anayeomba viza ya kukaa Uingereza zaidi ya miezi 6 hutakiwa kuambatanisha cheti kinachoonyesha kwamba hana kifua kikuu. Kanada nayo hutaka uchunguzi wa afya kwa daktari iliyemteua yenyewe. China ina fomu yake ya uchunguzi wa afya kwa wageni wanaokwenda kusoma muda mrefu.

Sababu inaeleweka. Shirika la Afya Duniani linaiweka Tanzania katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Ugonjwa huu husambaa kwa hewa, na wanafunzi hulala bweni moja na kukaa darasa moja kwa miezi.

Kipimo kinafanyika wapi?

Kwa viza ya Uingereza, kipimo kinafanywa na kliniki ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, jijini Dar es Salaam. Cheti cha hospitali nyingine hakipokelewi, hata kama hospitali hiyo ni nzuri na ina mashine mpya. Mzazi anayelipia picha Songea akidhani amemaliza atalipa mara mbili. Anayenunua cheti kwa mtu wa kati aliyekutana naye mtandaoni anamweka mtoto wake hatarini zaidi, kwa sababu udanganyifu kwenye maombi unaweza kumfungia njia kwa miaka mingi.

Kijana huweka miadi, huenda na pasipoti yake, huulizwa historia ya afya yake, kisha hupigwa picha ya kifua. Binti mwenye ujauzito, au anayehisi anao, aseme kabla ya kupigwa picha, kwa kuwa zipo njia nyingine za kumpima. Chanjo ya BCG aliyochomwa begani alipozaliwa haimwondolei mtu wajibu wa kupimwa. Chanjo hiyo humkinga mtoto mdogo dhidi ya aina kali za ugonjwa, lakini haimhakikishii mtu mzima kwamba hatauugua.

Picha ikiwa safi, cheti hutolewa na hutumika kwa miezi 6. Hapa kuna mtego. Anayepima mapema mno anaweza kukuta cheti kimekwisha kabla hajatuma maombi, na anayechelewa hana nafasi ya kusubiri iwapo picha itazua maswali.

Picha ikizua maswali

Doa kwenye picha si lazima liwe ugonjwa. Laweza kuwa kovu la nimonia ya zamani, au la kifua kikuu kilichotibiwa na kupona. Daktari haamui kwa macho peke yake. Huagiza makohozi, kwa kawaida sampuli tatu za asubuhi za siku tatu mfululizo, na maabara huyaotesha ili kuona kama kuna vimelea hai. Vimelea vya kifua kikuu hukua polepole, hivyo majibu yanaweza kuchukua hadi miezi 2.

Kwa mwenyeji wa Dar es Salaam, siku tatu ni nauli za daladala. Kwa kijana aliyepanda kutoka Liuli au Lituhi hadi Mbinga, akafika Songea na kuchukua basi la Dar, siku hizo ni malazi, chakula na ndugu wa kumpokea. Familia ipange safari ya wiki nzima hata kama inatumaini kumaliza kwa siku moja.

Kijana aliyewahi kutibiwa kifua kikuu aende na kadi yake ya matibabu. Kama imepotea, arudi kwenye kituo alichotibiwa aombe taarifa kutoka kwenye rejista. Karatasi hiyo humsaidia daktari kuelewa kovu analoliona.

Akikutwa na ugonjwa

Hapa ndipo familia nyingi huogopa, na hofu huzaa siri. Nyumbani kuna babu anayekohoa tangu mwaka jana, au baba aliyevuta vumbi la mgodini kwa miaka na sasa anapungua uzito. Watu husema ni baridi ya milima ya Umatengo. Kijana anayelala chumba kimoja na mgonjwa huenda kliniki na kujibu kwamba nyumbani wote ni wazima.

Jibu hilo halimsaidii yeyote. Picha na makohozi havisikilizi maneno. Akikutwa na kifua kikuu, hatapewa cheti hadi atibiwe, lakini mlango haujafungwa. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6, na akimaliza anaweza kupimwa tena na kuomba viza. Vyuo vingi huruhusu mwanafunzi kuahirisha masomo akieleza mapema. Kinachopotea ni muhula au mwaka. Ugonjwa usiotibiwa huchukua uhai.

Nchini, uchunguzi na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya umma. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho jingi usiku, au anayepungua uzito bila sababu afike kituo cha afya kilicho karibu naye. Familia ikipata barua ya chuo, huo ni wakati mzuri wa kila mwenye dalili nyumbani kupimwa. Wanaoishi na mgonjwa nao huchunguzwa, na wasiougua wanaweza kupewa dawa za kinga. Kijana akigundulika Mbinga mwezi Januari, ana muda wa kutibiwa na bado akawahi masomo ya Septemba. Akigundulika Dar mwezi Agosti, hana.

Fedha za kahawa na siku 28

Afya haiendi peke yake. Mwombaji wa Uingereza huonyesha fedha za ada iliyobaki na za kujikimu kwa hadi miezi 9, isipokuwa kama ana ufadhili rasmi. Fedha hizo lazima zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kupungua chini ya kiwango. Akaunti ya mzazi inakubalika, pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua ya mzazi ya kuridhia. Ipo pia ada ya huduma ya afya ya kule, ambayo kwa wanafunzi ilipandishwa hadi pauni 776 kwa mwaka mwezi Februari 2024, na hulipwa yote kabla ya viza kutolewa.

Kwa mkulima wa Mbinga, shida ni majira. Kahawa huvunwa katikati ya mwaka, na malipo ya chama cha msingi hufuata mnada. Fedha zikiingia benki mwishoni mwa Agosti, siku 28 zinamalizika Septemba masomo yakiwa yameanza. Familia ya namna hiyo itunze fedha za msimu uliopita, au iulize chuo kama kina wanafunzi wanaoanza Januari.

Ratiba ya kubandika ukutani

Kwa masomo ya Septemba, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na pasipoti vishughulikiwe mwaka mmoja kabla. Januari, mwenye dalili yoyote apimwe kituo cha karibu. Aprili au Mei, kijana aende Dar kwa kipimo cha viza, kukiwa na nafasi ya miezi 2 iwapo makohozi yatahitajika. Juni, fedha ziwe zimetulia benki. Maombi yatumwe Juni au Julai, chuo kikishatoa namba ya uthibitisho wa nafasi. Uamuzi wa viza kwa kawaida hutolewa ndani ya wiki 3 baada ya kijana kuchukuliwa alama za vidole.

Viwango vya ada hubadilika, hivyo mzazi avisome kwenye tovuti rasmi ya serikali ya nchi husika wiki ileile anayolipa. Na safari ya Dar ikipangwa, mzazi amuulize kijana wake swali moja kabla hajakata tiketi: unakohoa?