Ramani ya Visiwa Vyetu Isifungiwe Kabatini

Mwenye ramani ndiye mwenye kauli juu ya ardhi. Ukweli huu wazee wetu waliuonja kwa uchungu katika zama za kutawaliwa, pale ambapo Unguja na Pemba zilipimwa na kuchorwa na wageni kwa makusudio ya wageni, na mkulima wa mkarafuu hakuwa na njia ya kujua shamba alililolilima limeandikwa vipi katika karatasi za ofisini. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitangazwa kuwa mali ya umma na wakulima wakagaiwa eka tatu tatu. Tangu siku hiyo ardhi ni yetu. Lakini kumiliki ardhi ni jambo moja, na kuijua ni jambo la pili. Jambo hilo la pili ndilo tunalotaka kulizungumza leo mbele ya wananchi na watendaji wa Serikali.

Mwaka 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa kupitia Kamisheni ya Ardhi, ilianza kazi ambayo nchi kubwa kuliko yetu hazijaithubutu. Kwa msaada wa Benki ya Dunia na kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, vijana wetu wenyewe walifundishwa kurusha ndege ndogo zisizo na rubani na kuvipiga picha visiwa vyetu kutoka angani. Picha walizozileta zinaonesha ardhi kwa undani wa chini ya sentimita 10, maana yake ni kwamba paa la makuti, mtumbwi uliopwelewa na njia ya ng'ombe vyote vinaonekana. Nyingi ya picha hizo ziliwekwa wazi ili watu wazitumie. Kazi hiyo ni fahari yetu, na waliyoifanya wanastahiki shukrani.

Swali letu ni jepesi. Je, mwanafunzi wa sekondari wa Micheweni, ambaye kijiji chake kimo katika picha hizo, amewahi kukifungua kijiji hicho katika kompyuta, akapima ukubwa wa mikoko yake, akalinganisha ufuo wa zamani na wa sasa? Mwanafunzi huyo hujifunza jiografia kwa kukariri. Huijua mito ya mabara ya mbali kwa majina, lakini hana chombo cha kumwonesha maji ya chumvi yanavyosogea katika mabonde ya mpunga aliyolimiwa na bibi yake. Elimu ya namna hiyo humfanya mtoto awe mgeni kwao.

Zipo sababu mbili zinazotajwa kila mara. Ya kwanza ni bei ya programu za kuchorea ramani. Ya pili ni kwamba skuli nyingi hazina intaneti ya kutegemewa. Sababu zote mbili ni za kweli, na zote mbili zina dawa.

Tuanze na bei. Programu za ramani zinazouzwa na makampuni makubwa ya nje hulipiwa leseni, na mara nyingi leseni hiyo hulipiwa kila mwaka. Mradi wa wafadhili ukiwapo, leseni hulipwa. Mradi ukimalizika, leseni nayo humalizika, na kazi ya miaka hubaki katika mafaili yasiyofunguka. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Lakini zipo pia programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi, kila mtu anaruhusiwa kuzitumia, kuzinakili, kuzibadilisha na kumpa mwenzake bila ya kulipa leseni. QGIS, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Mmarekani Gary Sherman, ni mojawapo, na leo inatumika katika ofisi za upimaji na vyuo vikuu ulimwenguni kote.

Asije mtu akadhani kuwa vitu hivi ni michezo ya vijana. Programu iitwayo GRASS ilianzishwa mwaka 1982 katika maabara ya wahandisi wa jeshi la Marekani. Katika miaka ya 1990 jeshi hilo liliacha kuiendeleza. Ingelikuwa ni bidhaa ya kampuni, ingelikufa siku hiyo. Lakini kwa kuwa msimbo wake ulikuwa wazi, vyuo vikuu viliipokea, mwaka 1999 ikawekwa chini ya leseni huria, na hadi leo inafanya kazi. Hapa pana somo kwa kila nchi ndogo: chombo ambacho uhai wake hautegemei mkoba wa mtu mmoja ndicho chombo cha kujengea elimu ya taifa.

Sasa tuingie katika kiini cha hoja yetu, nacho ni ufungashaji. Wananchi wanalijua neno kifurushi kwa ajili ya simu zao. Katika kompyuta neno hili lina maana pana zaidi. Programu ya ramani haifanyi kazi peke yake. Iko sehemu inayosoma mafaili ya aina mbalimbali, iko sehemu inayogeuza duara la dunia kuwa karatasi bapa, na iko sehemu inayohifadhi taarifa za kila nyumba na kila njia. Kila sehemu hutengenezwa na watu tofauti na hubadilika kwa wakati wake. Zikikutana sehemu zisizolingana, programu hukataa kufunguka, mfano wa jahazi lililopewa tanga lisilolingana na foromali yake. Mtaalamu anaweza kuhangaika nalo siku mbili akalipatia ufumbuzi. Mwalimu mwenye vipindi sita na wanafunzi sitini ataizima kompyuta na kurudi ubaoni, wala hatuwezi kumlaumu.

Kwa sababu hiyo wapenzi wa programu huria waliunda mkusanyiko uitwao OSGeoLive. Ndani yake mna programu za ramani kwa makumi, zimekwisha kupatanishwa zote, pamoja na data za mfano na mafunzo mafupi ya kuanzia. Vyote hivyo huwekwa katika flashi. Mwalimu huichomeka flashi, huiwasha kompyuta, na kila kitu kiko tayari bila ya kugusa chochote kilichomo ndani ya kompyuta hiyo na bila ya intaneti. Mkutano wa dunia wa watu wa fani hii ulifanyika Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2018. Hatuwezi kusema kuwa habari hizi ziko mbali na sisi.

Hata hivyo, furushi lililofungwa na wengine hubeba nchi ya wengine. Moja ya seti za data zinazofundishiwa sana katika programu hizo inatoka jimbo la North Carolina, Marekani. Ni data nzuri, zimepangwa vyema, lakini mtoto wa Kengeja atapata faida gani kubwa kwa kupima mabarabara ya North Carolina ilhali barabara ya kwao haimo? Kufungasha kwa ajili ya elimu ni zaidi ya kunakili. Ni kuchagua programu chache zinazofaa umri wa mwanafunzi, kuondoa zinazochanganya, kutia ramani za nchi yenyewe, na kuandika masomo yanayofuata mtaala.

Nchi ya Uruguay ilifanya hivyo. Mwaka 2007 ilianza mpango uitwao Plan Ceibal wa kumpa kila mtoto wa skuli za umma kompyuta yake. Baadaye idara ya upimaji iliyo chini ya wizara ya ujenzi na uchukuzi ya nchi hiyo ilichukua programu huria iitwayo gvSIG, ambayo asili yake ni serikali ya jimbo la Valencia nchini Hispania, ikaifungasha upya kwa ajili ya skuli na kuipa jina la gvSIG Batoví. Ndani yake mlitiwa ramani za Uruguay ili mwalimu aanze na nchi yake. Tuzingatie jambo moja: walioifanya kazi hiyo walikuwa ni wapima ardhi wa serikali. Hawakungoja wizara ya elimu iwaombe, wala hawakusema kuwa watoto si kazi yao.

Kwetu sisi liko jambo moja la kiufundi linalotulazimisha tufungashe wenyewe. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilichorwa kwa kutumia msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. Vyombo vya setilaiti, na simu zilizomo mifukoni mwetu, hutumia msingi mwingine uitwao WGS 84. Mahali pamoja, pakiandikwa kwa misingi hii miwili bila ya kugeuzwa, hupishana kwa takriban mita 300. Shamba la eka tatu likiwa mraba, kila upande wake ni kama mita 110. Basi kosa hilo huliruka shamba la jirani, na la jirani yake, na kumwangukia mtu wa tatu ambaye hana habari. Programu huria zinajua kuigeuza misingi hiyo, lakini ni lazima aliyefungasha azielekeze. Mfungashaji wa Ulaya hawezi kutukumbukia jambo hili. Migogoro ya ardhi tunayo ya kutosha. Hatuna haja ya kuiongeza kwa kompyuta.

Tunajua yatakayosemwa. Wako watakaosema kuwa rahisi inavunja upishi, na kitu kisicholipiwa leseni hakiwezi kuwa madhubuti. Tunawajibu kuwa kisicholipiwa ni leseni tu. Kumfundisha mwalimu kunalipiwa, kukarabati kompyuta kunalipiwa, kuandika masomo kunalipiwa. Tofauti ni kwamba fedha hizo hubaki hapa, kwa mwalimu wetu na fundi wetu, na ujuzi unaopatikana haumalizi muda wake tarehe 31 Disemba.

Wako watakaosema kuwa skuli hazina kompyuta za kutosha. Ni kweli, na hatutaki kuwadanganya wananchi kuwa flashi ni muujiza. Lakini kompyuta moja na flashi moja mbele ya darasa ni bora kuliko atlasi iliyochakaa. Na skuli zilizokwisha kupewa maabara za kompyuta zisitumie vyumba hivyo kwa kuandika barua tu.

Wako pia watakaohofia usalama, kwamba si kila ramani inafaa kuonwa na kila mtu. Hoja hiyo ina uzito wake. Majina ya wamiliki wa viwanja na taarifa za ulinzi hazina kazi darasani, na wenye mamlaka wazitenge kwa orodha inayoeleweka. Lakini ufuo, mikoko, visima, barabara, vituo vya afya na mabonde ya mpunga si siri ya mtu. Hofu isigeuzwe kuwa kisingizio cha kufungia kila kitu kabatini.

Kutokana na hayo, tunatoa mapendekezo manne. Kwanza, Kamisheni ya Ardhi itoe seti ya ramani na picha za skuli, wilaya kwa wilaya, zilizokwisha kuwekwa katika msingi mmoja wa vipimo. Pili, Chuo Kikuu cha Taifa kikabidhiwe kazi ya kufungasha, na kazi hiyo iwe ya kudumu, kwa maana furushi lisilofanyiwa marekebisho kila mwaka huoza mithili ya tunda. Wanafunzi waliojifunza kurusha ndege wamekwisha kuonesha kuwa wanaaminika. Tatu, Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, pamoja na Taasisi ya Elimu, iandike masomo kumi au kumi na mawili yanayokwenda na mtaala: kupima eneo la mwani, kufuatilia maji ya chumvi Kisiwa Panza, kuonesha wapi maji ya mvua hutuama mjini, kuhesabu masafa ya kwenda hospitali. Nne, Baraza la Kiswahili la Zanzibar likae na wapima ardhi na walimu wakubaliane juu ya istilahi, ili mwalimu wa Wete na wa Makunduchi watumie neno moja kwa kitu kimoja. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kuitoa programu huria ya ofisi kwa Kiswahili, iliyoitwa Jambo OpenOffice. Njia imekwisha kukatwa, tusiiache iote majani.

Mapendekezo haya hayadai jengo jipya wala mkopo. Yanadai kwamba ofisi nne zikae katika meza moja na zitoke na tarehe. Kazi ianze kwa skuli mbili za Unguja na mbili za Pemba, na matokeo yake, mazuri na mabaya, yatangazwe hadharani kabla ya kuendelea na nyingine.

Tarehe 23 Septemba 1964 Zanzibar ilitangaza elimu bila malipo. Uamuzi huo ulitokana na imani kwamba mtoto wa maskini ana haki sawa ya kujua. Visiwa vyetu ni vidogo, idadi yetu katika sensa ya 2022 ilikuwa watu 1,889,773, na bahari haiachi kula kingo zetu. Watakaokuja kuamua wapi pajengwe ukuta, wapi papandwe mikoko na wapi watu wahamishwe ni hawa waliomo madarasani sasa. Ni wajibu wa Kamisheni, Chuo na Wizara kuhakikisha kwamba siku hiyo ikifika, vijana hao watakuwa wanaisoma ramani ya nchi yao wenyewe, bila ya kumwita mgeni awasomee.